Rangi Ndani ya Nyumba: Namna ya Kuandika Riwaya ya Familia Kuhusu Ngozi na Nasaba

Miswada mingi ya riwaya kuhusu rangi ya ngozi ambayo nimepewa kuisoma hapa Dar es Salaam hufanana katika jambo moja: kuna binti mweupe anayependwa, kuna binti mweusi anayechukiwa, na kabla ya sura ya tano hutokea mwalimu, padri au shangazi aliyesoma ambaye husimama na kutoa hotuba kwamba binadamu wote ni sawa. Hotuba hiyo ni ya kweli, lakini riwaya hufia hapo, kwa sababu msomaji aliyekulia Ilala, Temeke au Magomeni anajua kwamba nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kutamka kwamba anamchukia mtoto kwa ajili ya weusi wake. Kilichofanyika kilikuwa kidogo zaidi, tena cha kila siku: huyu alipewa hiki, yule akapewa kile, na hakuna aliyeeleza sababu. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya mwandishi anayetaka kuiandika nyumba hiyo kama ilivyo, na ushauri wangu wote unatoka katika jambo hilo moja, kwamba rangi katika familia huonekana katika mgawanyo kabla ya kusikika katika maneno.

Anza na mgawanyo

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya riwaya, chukua daftari na uchore nyumba. Ikiwa familia yako inaishi katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uani nyuma, andika kila chumba kina nani na kwa nini. Kisha andika jina la kila mtoto, na chini ya jina lake orodhesha anachopata na anachonyimwa: nani hutumwa dukani, nani hubaki na mama jikoni, nani husukwa kwanza usiku wa kuamkia sikukuu, nani alipelekwa shule ya kulipia, nani huitwa sebuleni awasalimie wageni na nani huitwa alete maji ya kunawa. Usitaje rangi popote katika orodha hiyo. Ukiimaliza, mpe mtu mwingine aisome, na ikiwa ataweza kukuambia ni mtoto yupi mweupe na yupi mweusi, umekwisha pata riwaya yako.

Nimekulia Ilala pamoja na dada yangu mkubwa, yeye mweusi wa kung'aa na mimi maji ya kunde. Saa saba mchana, jua la Januari likiwa utosini, anayetumwa dukani alikuwa yeye, na maneno ya bibi yetu hayakubadilika: “Nenda wewe mama, huyu jua litamuunguza.” Bibi alimpenda dada yangu, jambo ambalo sina shaka nalo hata leo, na aliyasema maneno hayo kwa sauti ya upole kabisa. Kwa miaka mingi niliiona hesabu hiyo kwa upande mmoja tu, kwamba mimi nilipendelewa. Nilipoanza kuandika ndipo nilipouona upande wa pili. Dada yangu alijua bei ya kila kitu, alijua ni muuza duka yupi anayepunja kwenye mizani, alijua vichochoro vyote hadi Buguruni, na alipofika miaka 12 bibi alimkabidhi pesa za matumizi ya nyumba. Mimi katika umri huo nilikuwa siwezi kuvuka Barabara ya Uhuru bila kushikwa mkono.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifundisha kwamba mgawanyo una pande mbili, na kwamba pande hizo mbili ndizo zinazoisukuma hadithi mbele. Mtoto aliyefichwa kivulini hulipa kivuli hicho kwa namna fulani, na mtoto aliyechomwa na jua hurudi na kitu mkononi ambacho nyumba itakuja kukihitaji. Kwa hiyo, kando ya kila kitu ulichoandika katika orodha yako, ongeza swali: kitu hiki kilimgharimu nini aliyekipata, na kunyimwa kwake kulimpa nini aliyenyimwa? Ukikosa jibu la swali la pili, wahusika wako watakuwa malaika na shetani, na msomaji atachoka nao mapema.

Nasaba kwanza, ngozi baadaye

Mwandishi anayesoma sana riwaya za Marekani huvutwa na kisa cha mtu mwenye ngozi nyeupe ambaye huwatoroka ndugu zake, huhamia mji mwingine na kuishi huko kama Mzungu. Kisa hicho kina nguvu, lakini mizizi yake imo katika sheria za kule. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, hivyo mtoto wa mwanamke mtumwa alibaki mtumwa hata kama baba yake alikuwa bwana mwenye shamba. Mwaka 1924, Virginia ikiwa sasa jimbo la Marekani, ilipiga marufuku ndoa kati ya Mzungu na mtu mwenye chembe yoyote ya damu nyeusi, na marufuku hayo yaliendelea mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoyafuta mwaka 1967. Mtu aliyevuka mstari huo alikuwa anakimbia sheria iliyoandikwa.

Pwani yetu ilikuwa na kanuni iliyoelekea upande mwingine. Mtoto wa suria, yaani mwanamke mtumwa aliyezaa na bwana wake, akitambuliwa na baba yake, alizaliwa huru na kuhesabiwa katika ukoo wa baba, hata awe mweusi kama mama yake. Ndiyo maana katika mji huu unaweza kumkuta mzee mweusi tii anayejitambulisha kwa ukoo wa Hadhramaut kule Yemeni, na mlango wa pili ukamkuta mtu mweupe kuliko yeye anayejiita Mzaramo bila kusita. Kule Marekani swali lilikuwa mtu ana damu kiasi gani. Jirani wa Kariakoo huuliza, “Wewe mtoto wa nani?” na jibu la swali hilo ndilo linaloamua mtu ataketi wapi ukumbini, hata kabla macho hayajaipima ngozi yake.

Kwa hiyo mhusika wa Dar es Salaam anayetaka kuhama rangi hawezi kufanikiwa kwa kuhama mtaa peke yake. Atalazimika kubadili jina la babu, kuongeza jina la ukoo ambao si wake, kuacha kwenda misibani kwa upande wa mama, na kuwaeleza watoto wake kwamba bibi yao alifariki zamani. Watu wetu wana neno kali kwa mtu wa namna hiyo: mkataa kwao mtumwa. Mwandishi asilipitie neno hilo harakaharaka. Katika familia za pwani hofu iliyojificha nyuma ya rangi mara nyingi ni hofu ya kuitwa mjukuu wa mtumwa, na hofu hiyo si ya kale sana, kwani utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na mzee wa miaka 80 unayemsalimia leo huenda alibebwa mgongoni na mtu aliyezaliwa katika hali hiyo.

Namna ya kulifanyia kazi jambo hili ni kuandika nasaba mbili za familia yako ya kubuni hadi kizazi cha tatu. Ya kwanza iwe ile inayosimuliwa hadharani, arusini na wakati wa kuposa, na ya pili iwe ile inayonong'onwa na mashangazi wakati wa kuosha vyombo baada ya arobaini. Pale nasaba hizo mbili zinapopishana ndipo siri ya riwaya ilipo, na kwa kawaida hutahitaji kubuni siri nyingine yoyote.

Chagua miaka yako, kisha uihesabu

Mji huu uliwahi kugawanywa kwa rangi bila sheria ya ujenzi kulitaja neno rangi. Waingereza walipanga kanda tatu kwa kufuata aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa, na matokeo yake yakawa Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda bara, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati ya Wahindi na Waafrika. Hata kuzaliwa kulikuwa na anwani. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, iliendelea kuwa ya Wazungu wakati wa Waingereza, ilhali Mwafrika alikwenda katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi, au alizaliwa mikononi mwa mkunga uani kwao. Mwandishi anayeanza riwaya yake mwaka 1950 hana sababu ya kueleza ubaguzi kwa aya tatu, kwa kuwa akiandika mahali mtoto alipozaliwa na mahali baba yake alipokuwa akifanya kazi, msomaji atayaelewa yaliyobaki.

Baada ya hapo kuna miaka ambayo siasa iliingia moja kwa moja katika swali la rangi, na kila mmoja wa miaka hiyo unaweza kuibeba sura nzima. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulimtaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na chama cha TANU kilivutana sana Tabora kabla ya kukubali kushiriki. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, bunge lilijadili kama uraia utolewe kwa misingi ya rangi, na Mwalimu Nyerere aliikataa hoja hiyo kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila la mtu; serikali iliacha kuuliza, lakini nyumbani maswali hayo yaliendelea kila ilipoletwa posa. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, na miongoni mwa vitu vilivyopigwa vita pamoja na sketi fupi na nywele za bandia yalikuwamo madawa ya kujichubua. Waandishi wachache sana hulitumia jambo hili la mwisho, nami ninasikitika, kwa sababu bibi anayemkemea mjukuu wake leo kwa kupaka mkorogo anaweza kuwa ndiye msichana aliyeificha krimu yake chini ya godoro mwaka ule.

Mwaka 1971 una uzito wa pekee kwa familia za machotara. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliitwalia serikali majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo hayakukaliwa yote na wenyewe, na majengo mengi yaliyoguswa yalikuwa ya Wahindi katikati ya mji. Fikiria baba wa Kihindi mwenye ghorofa Kisutu, mwenye mke na watoto wanaotambulika juu ya duka, na mwenye mwanamke wa Kizaramo na watoto wawili katika nyumba ya kupanga Kariakoo. Siku ghorofa lilipokwenda kwa Msajili wa Majumba, watoto wa juu walipoteza urithi, na watoto wa Kariakoo walipoteza kitu ambacho hawakuwahi kuahidiwa kwa sauti lakini walikuwa wakikitazama kila walipopita mtaa ule. Watoto hao wote wana hasara moja, ila hawawezi kuiomboleza pamoja kwa sababu kundi moja halijui kwamba kundi jingine lipo. Hapo pana riwaya kubwa, na sijaiona ikiandikwa kwa Kiswahili kwa kina kinachostahili.

Usijaribu kuitumia miaka yote niliyoitaja. Chagua miwili au mitatu, andika umri wa kila mhusika katika kila mwaka, na uhakikishe kwamba hesabu inakubali. Nimesoma mswada ambamo bibi alikumbuka mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa, na baada ya hapo sikuweza tena kumwamini katika jambo lolote.

Maneno ya kuisema ngozi

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya rangi, na utajiri huo hugawanyika kwa umri. Bibi wa pwani humwita mjukuu mwenye ngozi ya mwanga “mwekundu”. Mama yake husema “maji ya kunde”. Kijana wa leo husema “mweupe” kwa mtu huyo huyo, na neno hilo hilo hulitumia kwa shati lake la shule. Ukimpa kila mhusika neno la kizazi chake, msomaji atajua nani anazungumza bila wewe kumtaja. Nywele nazo zina maneno yake, singa na kipilipili, na katika nyumba nyingi kitana husababisha machozi mengi kuliko kioo.

Kuna kosa moja ambalo hulipati mpaka ulitafute kwa makusudi: msimulizi hutaja rangi ya mhusika mmoja tu. Mwandishi ataandika kwamba aliingia “msichana mmoja mweupe”, na wengine wote waliomo chumbani hawana rangi, kana kwamba weusi ni hali ya kawaida isiyohitaji kutazamwa na weupe ni tukio. Pitia mswada wako kwa kalamu nyekundu, weka alama kila ulipotaja ngozi, kisha jiulize ni macho ya nani yaliyoiona. Ikiwa ni macho ya mhusika, mwache, kwa sababu anajieleza mwenyewe zaidi kuliko anavyomweleza anayemtazama. Ikiwa ni macho ya msimulizi asiye na jina, ama ataje ngozi za wote ama asitaje ya yeyote.

Vilevile epuka kumfananisha mtu na chakula. Ngozi ya asali, ya kahawa au ya chokoleti imeandikwa mara nyingi mno, na humfanya mhusika aonekane kama kitu cha kuonjwa. Eleza ngozi inavyofanya kazi: jinsi jasho linavyong'aa juu yake ndani ya daladala, jinsi kovu la chanjo linavyoonekana begani, jinsi vumbi la kiangazi linavyoiacha na ukungu miguuni mpaka ipakwe mafuta ya nazi, jinsi mwanga wa koroboi unavyoishika.

Kisha kuna utani, ambao ndio mlango mkubwa wa maneno haya katika nyumba zetu. Shemeji atamwita mtoto “Cheusi” au “mkaa” mbele ya watu wote, watu watacheka, mtoto naye atacheka, na akilalamika ataambiwa hajui utani. Andika onyesho hilo kwa uangalifu mkubwa. Usimfanye shemeji kuwa mtu mbaya, wala usimpe mtoto jibu la ushindi; onyesha tu kwamba tangu siku hiyo mtoto hujua shemeji anakuja saa ngapi, na saa hiyo ikikaribia hutafuta kazi ya kufanya uani. Kwa upande wa watu wenye ualbino, tumia jina hilo la heshima katika sauti ya msimulizi daima, na ikiwa mhusika wako atatamka lile neno la zamani lenye dharau, sura hiyo ionyeshe linamwangukia nani na lina uzito gani katika nchi ambayo watu hao wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina.

Mkorogo na mwili

Riwaya ya aina hii katika Dar es Salaam haiwezi kuukwepa mkorogo, na hapa usahihi ni wajibu, kwa kuwa wapo wasomaji watakaoijua hali hii kwenye ngozi zao wenyewe. Mkorogo ni mchanganyiko unaokorogwa kutokana na krimu na mafuta kadhaa, na mara nyingi ndani yake huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini huingia mwilini na kuharibu figo, na hubaki kwenye taulo na mashuka hivyo kuwafikia watu wa nyumba moja, wakiwamo watoto wachanga. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapata michirizi, na vidonda vikachelewa kupona. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi ya bluu, yaani kinyume kabisa cha kilichotafutwa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo bidhaa huendelea kuuzwa, na muuzaji wako wa kubuni lazima awe na namna yake ya kuzificha.

Mambo ya kuonekana ni haya: vifundo vya vidole na viwiko hubaki vyeusi wakati mwili wote umebadilika, masikio hubaki na rangi yake ya awali, na uso hauvumilii jua wala moto wa jiko. Mwanamke anayepaka mkorogo na kupika maandazi alfajiri anapambana na mambo mawili yasiyopatana, na mapambano hayo yanaeleza zaidi kuliko maelezo yoyote ya msimulizi. Weka pia gharama. Kopo likiisha katikati ya mwezi ataamua kati ya kopo jipya na ada ya mtoto, na sababu za uamuzi wake ziwe na akili: huenda ameona mwenyewe nani huajiriwa mapokezi na nani hupelekwa stoo.

Nakusihi usimwadhibu mhusika huyu kwa ugonjwa wa kutisha katika sura ya mwisho. Mwandishi anayefanya hivyo ameungana na wale waliomfundisha kwamba mwili wake una kosa. Mlinganishe badala yake na desturi ambazo familia inaziheshimu. Kabla ya arusi, somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi arusi, humsinga kwa liwa na manjano siku baada ya siku mpaka ang'ae, na hakuna anayeiita kazi hiyo kwa jina la kujichubua. Iandike siku ya saba ya singo, bibi arusi ameketi juu ya mkeka, na dada yake mweusi akitwanga manjano kwa ajili yake. Somo anasema kwamba huyu ngozi yake inapokea. Dada anaendelea kutwanga. Sentensi hiyo moja ya somo inatosha, na hupaswi kuongeza kitu.

Mtoto asiyefanana

Wakati fulani mtoto huzaliwa mweusi au mweupe kuliko wazazi wake wote wawili, na tuhuma huanza. Nimewaona mabibi wakimgeuza mtoto mchanga na kuchungulia masikio yake wapate kujua atageuka rangi gani. Mwandishi anayetumia kisa hiki aujue ukweli wa mwili: rangi ya ngozi huamuliwa na vinasaba vingi kwa pamoja, hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuachana sana bila mtu yeyote kufanya hiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowapima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kwamba vinasaba vingi vya weupe na vya weusi, vyote viwili, ni vya kale sana na vimekuwamo barani Afrika tangu zama za mbali. Kwa hiyo tuhuma inaweza kuwa ya uongo na bado ikaivunja ndoa, na kwa maoni yangu hapo ndipo kisa kinapouma zaidi kuliko pale mama anapokuwa na kosa kweli.

Albamu, wazee na karatasi

Utahitaji ushahidi, na wa kwanza utakaoutafuta ni albamu ya familia. Usiiamini kuhusu rangi. Picha za studio za zamani zilichukuliwa kwa nyeusi na nyeupe, zikaangazwa kwa taa kali na kusahihishwa kwa mkono, na filamu za rangi zilizofuata zilipimwa viwandani kwa kutumia ngozi ya Kizungu, ndiyo maana katika picha nyingi za arusi watu weusi wamebaki macho na meno huku gauni likionekana uzi kwa uzi. Itumie kasoro hiyo ndani ya riwaya: mjukuu anatazama picha na kuuliza kwa nini bibi alikuwa mweupe, na hakuna anayemjibu.

Ukienda kuzungumza na wazee, usiulize kuhusu rangi. Uliza nani alimwoa nani, mahari yalikuwa kiasi gani, nani hakualikwa, na shamba la Kisarawe lilikwenda kwa nani. Rangi itajitokeza yenyewe, na mahali ambapo mzee atanyamaza na kuomba maji, weka alama kwenye daftari na usimsukume siku hiyo. Omba ruhusa kabla ya kuandika, na ubadilishe mtaa, kazi na idadi ya watoto ili mtu aliye hai asijikute ndani ya kitabu kinachouzwa dukani. Kwa upande wa karatasi, Nyaraka za Taifa na mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina magazeti ya zamani, na matangazo ya vipodozi na ya kazi katika magazeti hayo yatakufaa kuliko hotuba za viongozi.

Kabla hujaumaliza mswada

Sura ya mwisho huwashinda wengi kwa sababu wanataka kuipatanisha familia. Rudi kwenye ile orodha ya mgawanyo uliyoandika mwanzoni na uiandike upya kwa ajili ya siku ya mwisho ya riwaya: sasa nani ana nini? Nani anamuuguza mama, nani ana hati ya nyumba, nani anayetumwa, na mjukuu mweusi wa yule dada mweupe anaitwa kwa jina gani? Ikiwa mgawanyo haujabadilika hata kidogo, riwaya haijasogea. Na ikiwa umebadilika wote, huenda umeandika ndoto.

Halafu msomee mtu mmoja ambaye ngozi yake umeieleza, umsomee kwa sauti, uso kwa uso. Mimi nilimsomea dada yangu sura ile ya kutumwa dukani saa saba mchana, tumekaa barazani kwake Tabata, naye alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika upande wa kanga. Alisema nimekosea sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kwamba alitumwa sukari, kumbe siku nyingi alitumwa mafuta ya taa, chupa haikuwa na kifuniko, na alikuwa anaiziba kwa kidole gumba njia nzima ili yasimwagike, kwa hiyo alikuwa hawezi kujikinga jua kwa mkono. Alininyoshea kidole hicho nikitazame. Nilifuta sukari, nikaandika mafuta ya taa.